Mke Asiyejaaliwa Mtoto: Tusimwongezee Huzuni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunazungumzia huzuni inayofichwa majumbani mwetu, ya mke ambaye miaka inapita hajashika mimba.

Wenye mtihani huu si wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na tatizo la uzazi katika umri wake. Tatizo huhesabiwa kuwapo pale wanandoa wanapokutana kwa miezi 12 au zaidi bila kinga na mimba isipatikane. Chanzo chaweza kuwa kwa mke, kwa mume au kwa wote wawili.

Lakini kwetu hukumu hutangulia vipimo. Wifi huuliza, mama mkwe hunung'unika, jirani humwita tasa, na mume ambaye hajapima mbegu zake huanza kutaja mke wa pili. Kila hedhi ikija, kwa mke huyu huwa kama msiba. Akialikwa kwenye akika hutafuta udhuru, si kwa husuda, bali kwa kuogopa maswali. Hatimaye hukosa usingizi, hujitenga na watu, na wasiwasi na sonona humwingia.

Tujiulize: tunamlaumu kwa lipi? Aya ya 49 na ya 50 za Suratu Shuura zinatufundisha kuwa kupata mtoto na kumkosa ni gawio la Mwenyezi Mungu. Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.), hakuzaa, na bado Umma umepokea kwake Hadithi zaidi ya 2,000. Nani atathubutu kusema kuwa maisha yake yalipungua thamani? Naye Nabii Zakaria (A.S.) alimlilia Mola wake uzeeni akiomba mtoto. Basi kuhuzunika si upungufu wa imani.

Wala kutafuta tiba hakupingani na kutawakali. Mwaka 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliruhusu, inapohitajika, mbegu za mume na yai la mke wake kukutanishwa kitaalamu nje ya mwili, kisha kupandikizwa katika tumbo la mke huyo huyo. Kuingiza mbegu au yai la mtu mwingine lilikataza.

Basi mume na afuatane na mkewe hospitali, naye apimwe. Mama mkwe na ampe mkwewe dua badala ya kijembe. Nasi wengine tuache kuuliza "vipi, bado?" Neno hilo kwetu ni salamu, kwake ni mwiba.

Mwenyezi Mungu awaruzuku kizazi chema wanaokitafuta, na awape utulivu wa moyo wakati wote wa kungoja. Amin.