Je, Wajua? Mwanga Unaweza Kurudisha Rangi Iliyochujuka

Mwaka 1964, michoro mitano mikubwa ya mchoraji Mark Rothko ilitundikwa katika ukumbi wa kulia chakula wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Jua lililopenya madirishani likaichujua, na wekundu wake mwingi ukatoweka. Mwaka 2014 ilionyeshwa tena bila kupakwa hata tone la rangi: projekta ziliimulika sehemu kwa sehemu kwa mwanga wa rangi iliyopungua, na macho yakauona wekundu wa awali. Kila siku saa 10 jioni projekta zilizimwa, michoro ikapauka mbele ya watazamaji. Hata sebuleni kwako, balbu ya manjano hukoleza nyekundu na kufifisha buluu. Ukinunua picha, itazame kwanza chini ya taa itakayoimulika nyumbani.