Ulimi wa Kujifunza Jukwaani: Hotuba na Mbinu za Kusema kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mengi juu ya lugha hii: sauti zake, ngeli zake, historia yake na fasihi yake. Jambo linalofundishwa kwa nadra ni namna ya kusimama mbele ya watu na kuisema. Matokeo yake anayajua kila aliyewahi kuhudhuria mjadala katika kumbi zetu. Mtaalamu huzungumzia Kiswahili kwa Kifaransa, wasikilizaji humwuliza maswali kwa Kifaransa, na kikao kinapokwisha wote hutoka nje na kuagana kwa Kiswahili. Ndani ya ukumbi lugha ni kitu cha kuchunguzwa; nje ndiyo chombo cha kusemea.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni woga. Mtu aliyekulia Lubumbashi, Likasi au Kolwezi ana Kiswahili chake cha nyumbani, na Kiswahili sanifu amekipata vitabuni na darasani. Anapotakiwa kutoa hotuba hujiona yuko kati ya ndimi mbili: ya kwanza anaiona haifai jukwaani, na ya pili anaiona si yake. Hujiambia kwamba ufasaha ni urithi wa waliozaliwa Unguja au Mombasa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Mwandishi ni mmoja wa hao waliojifunza Kiswahili sanifu wakiwa na kile cha Lubumbashi kinywani, na anayoyaeleza hapa ni matunda ya kusikiliza na kusoma hotuba kwa makusudi ya kujifunza lugha. Tutaanza na wasemaji watatu, kisha tutaeleza mbinu zinazoweza kuigwa, tutaonya juu ya hatari yake, na mwisho tutapendekeza njia ya kujizoeza.

2. Wasemaji watatu, lugha tatu za kujifunza

Msemaji wa kwanza ni wa kwetu. Tarehe 30 Juni 1960, katika Jumba la Taifa mjini Léopoldville, mfalme Baudouin wa Ubelgiji alitoa hotuba iliyosifu kazi ya Leopold II, na rais Joseph Kasa-Vubu akafuata. Kisha Patrice Lumumba, waziri mkuu, akasimama na kutoa hotuba ambayo haikuwa katika ratiba ya sherehe. Alisema Kifaransa. Lakini Kifaransa hakikuwa lugha ya mama yake. Lumumba alizaliwa mwaka 1925 huko Sankuru, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kitetela.

Wa pili ni Julius Nyerere. Alizaliwa mwaka 1922 Butiama, akakua akisema Kizanaki, na shule aliianza mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Kiswahili alikipata kwa kujifunza. Hata hivyo ni yeye aliyeufasiri mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na baadaye Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hotuba yake ya Novemba 1978 mbele ya wazee wa Dar es Salaam, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, inakumbukwa mpaka leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipoitoa.

Wa tatu ni Joaquim Chissano wa Msumbiji, aliyezaliwa mwaka 1939 katika jimbo la Gaza kusini mwa nchi, mbali na pwani ya Waswahili. Kiswahili alikijua kutokana na miaka ya harakati za FRELIMO nchini Tanzania. Mwezi wa Julai 2004, katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, alihutubia kwa Kiswahili, na waandalizi wakajikuta hawakuweka wakalimani wa lugha hiyo. Ukumbi uliojaa viongozi wa Afrika ulitambua kwa dakika chache kwamba mitambo ya kutafsiri lugha za Afrika haikuwapo.

Hapa tunapata fundisho letu la kwanza. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyesema kwa lugha aliyonyonya kwa mama. Kwa hiyo ufasaha wa jukwaani ni kitu kinachojengwa. Swali ni: kinajengwa kwa nini?

3. Mbinu zinazoweza kuigwa

3.1 Takriri

Takriri ni kurudia neno au fungu la maneno kwa makusudi. Lumumba aliisimamisha sehemu kubwa ya hotuba yake juu ya nguzo hiyo: sentensi baada ya sentensi ilianza kwa maneno yaleyale ya Kifaransa yanayosema kwamba “sisi tumeyajua” mambo fulani, kisha likafuata jambo jipya, kama vile kazi ya kuchosha, ujira usiotosha kula, dharau na vipigo. Msikilizaji hakuhitaji kukumbuka orodha. Mwanzo wa sentensi ulimwandaa, na mwisho wake ukampa kipya.

Mwanafunzi akijaribu kuileta mbinu hiyo katika Kiswahili atagundua kwamba hawezi kunakili tu. Kitenzi “kujua” hakibebi uzito uleule. Mswahili huona njaa, huona taabu, huona uchungu. Huenda “tumeona” likafaa zaidi. Tena lazima achague kati ya “tuliona” na “tumeona”. Kiambishi -li- hulifunga jambo katika wakati uliopita, ilhali -me- huacha alama yake ikiendelea kuonekana leo. Uchaguzi wa silabi moja hubadili hotuba nzima.

3.2 Upatanisho wa kisarufi

Kwa sisi wa Katanga upatanisho wa ngeli ni mzigo. Nyumbani tunasema “bitabu yangu”, na mwalimu hututaka tuseme “vitabu vyangu”. Tunauona kama kanuni ya mtihani. Jukwaani mzigo huo hugeuka kuwa ngoma. Nyerere mwaka 1978 aliyataja mambo matatu ambayo taifa lilikuwa nayo ili kumpiga mvamizi: uwezo, sababu na nia. Kila jina lilifuatwa na kitenzi kilichopatana nalo. Uwezo hudai “tunao”, sababu na nia hudai “tunayo”. Mwisho wa kila kifungu ukalandana na mwisho wa kingine bila kulingana kabisa, na hesabu ya tatu ikakamilisha mzunguko. Hapakuwa na neno gumu hata moja. Sarufi yenyewe ndiyo iliyotoa mapigo.

Kwa hiyo mwanafunzi asiyaonee haya makosa ya upatanisho kwa sababu ya mwalimu tu. Ayaepuke kwa sababu anapoyafanya anaipoteza sauti ambayo lugha ingempa bure.

3.3 Mkazo na kimya

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tumezoea kuipandisha sauti kwenye silabi ya mwisho, hasa tunaposoma karatasi kwa haraka. Hotuba ya Kiswahili inayosomwa hivyo huchosha sikio, hata kama kila neno ni sahihi, kwa kuwa kila kifungu hubaki kikining'inia. Msemaji akiuweka mkazo mahali pake, neno hujifunga lenyewe, naye hupata nafasi ya kunyamaza. Kimya hicho ni sehemu ya hotuba. Humpa msikilizaji muda wa kukubali au kukataa kabla ya hoja nyingine kufika.

3.4 Kuwaita wasikilizaji

Katika hotuba yake Lumumba aliikumbusha hadhara kwamba Mwafrika aliambiwa “tu”, kiwakilishi cha Kifaransa cha mtu mmoja unayemchukulia kama wa chini au wa karibu, na kwamba “vous” ya heshima iliwekewa Wazungu peke yao. Kifungu hicho ni kigumu kukifasiri, kwa maana Kiswahili sanifu husema “wewe” kwa mkubwa na mdogo. Heshima yetu hukaa mahali pengine, yaani katika majina: baba, mama, mzee, yaya, ndugu. Mwanafunzi anayeanza hotuba kwa kufasiri neno kwa neno salamu za Kifaransa amekwisha kuwaacha wasikilizaji wake mlangoni. Anayewaita wazee kwa uzee wao na akina mama kwa umama wao amewaketisha.

Methali nazo zina kazi hiyo ya kukaribisha. Msemaji akitaja nusu ya kwanza, hadhara humalizia. Hata hivyo lazima achague methali ambayo hadhara inayo. “Haba na haba hujaza kibaba” hupendeza, lakini kibaba ni kipimo cha nafaka cha pwani, na katika masoko yetu wengi hawakijui. “Umoja ni nguvu” humaliziwa kila mahali.

4. Mbinu si ukweli

Yatupasa kuonya. Nchi yetu ilisikia kwa miaka mingi hotuba za msemaji hodari sana. Mobutu, ambaye mara nyingi alizungumza na umati kwa Kilingala, aliutumia wito na mwitikio kwa ustadi mkubwa: aliuliza, na uwanja mzima ukajibu kwa sauti moja. Tena tarehe 24 Aprili 1990 huko N'Sele, alipotangaza mwisho wa chama kimoja, alisema Kifaransa, sauti ikamkwama, naye akafuta macho. Aliendelea kushika madaraka hadi Mei 1997.

Mwanafunzi wa mbinu asidharau mifano hiyo, bali aisome kwa jicho kali. Wito na mwitikio ni mali ya zamani ya watu wetu. Hupatikana katika hadithi, katika nyimbo za kazi na katika vikao vya ukoo. Tofauti iko katika swali. Katika kikao cha wazee anayeulizwa anaweza kujibu kinyume. Katika uwanja wa chama kimoja jibu lilikuwa moja tu, na kila mtu alilijua kabla ya swali kuulizwa. Kipimo chetu kiwe hiki: je, hotuba hii imemwachia msikilizaji njia ya kusema “hapana”?

Shakespeare alilionyesha jambo hilo katika mchezo uleule alioufasiri Nyerere. Antonio, akiwa mbele ya maiti ya Kaizari, anarudia kwamba Bruto ni mtu wa heshima, mpaka neno “heshima” linageuka kuwa shtaka, na umati unaondoka kwenda kuchoma nyumba za watu. Mbinu ni takriri ileile tuliyoisifu hapo juu.

5. Njia ya kujizoeza

Warumi wa kale waliigawa kazi ya msemaji katika sehemu tano: kutafuta hoja, kuzipanga, kuzivika maneno, kuzihifadhi moyoni, na kuzitamka. Shule zetu hukazia tatu za kwanza, kwa kuwa ndizo zinazoonekana kwenye karatasi. Mwanafunzi wa lugha anahitaji zaidi mbili za mwisho. Tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, achague hotuba fupi ya Kiswahili iliyorekodiwa, aisikilize bila kuandika, kisha aandike anachokisikia na kulinganisha. Pili, atie alama mahali pa pumzi na mahali pa mkazo, kwa kuwa alama za uandishi hazitoshi. Tatu, aitamke pamoja na msemaji, akimfuata kama kivuli, hadi kinywa kizoee. Nne, aiweke kando na kuisema hoja ileile kwa maneno yake, mara moja kwa Kiswahili sanifu na mara moja kwa Kiswahili cha mtaani kwake. Hatua hii ya nne ndiyo inayotenganisha msemaji na kasuku.

Wengine watapinga kwamba kuchanganya sanifu na cha mtaani ni kuiharibu lugha. Tunajibu kwamba hatusemi vichanganywe. Tunasema mtu avimiliki vyote viwili na ajue amesimama mbele ya nani.

6. Hitimisho

Jambo hili si pambo la wasomi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliwaua zaidi ya watu 2200 mashariki mwa nchi yetu, hasa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Dawa ya chanjo ilikuwapo, na wataalamu walikuwapo. Lakini mtaalamu aliyekuwa na elimu yake kwa Kifaransa tu alipaswa kumweleza mama wa Beni au Butembo kwa nini asimwoshe maiti wa mwanawe. Hilo haliwezekani kwa karatasi, wala kwa Kiswahili cha kamusi kisichojua kumwita mama huyo mama.

Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na vijana wetu wataitwa kusema mbele ya majirani wanaotumia lugha hii bungeni na mahakamani. Tungependa kuanzia karibu zaidi. Idara zinazofundisha Kiswahili ziruhusu, na kisha zidai, kwamba mwanafunzi aitetee kazi yake juu ya Kiswahili kwa Kiswahili, japo kwa dakika kumi, bila kusoma. Atakwama hapa na pale, nao walimu watasahihisha. Lakini swali la kwanza litakaloulizwa katika ukumbi ule litaulizwa kwa lugha ambayo walinzi mlangoni nao wanaielewa.