Prosesa ya Shilingi Laki Moja: Nani Anaihitaji Eastlands?

Ryzen 9 7950X ya AMD iliingia sokoni Septemba 2022 kwa dola 699. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni kama shilingi 90,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 unapita laki moja, na hapo hujalipia usafiri wala muuzaji hajaweka faida yake. Ryzen 5 7600, ya kizazi hicho hicho, ilitoka Januari 2023 kwa dola 229, yaani karibu shilingi 34,000 pamoja na VAT. Ya kwanza ina viini 16, ya pili sita. Je, kwa bei hizo za mwanzo, ile tofauti ya shilingi 70,000 itamrudia mwenye studio Umoja, Kayole au Donholm, huku Eastlands ya Nairobi?

Si swali dogo upande huu wa mji. Calif Records, iliyoeneza mtindo wa muziki wa genge, ilichukua jina lake kutoka mtaa wa California, huku huku Eastlands. Ethic, waliowasha moto wa gengetone kwa "Lamba Lolo" mwaka 2018, ni vijana wa Umoja. Muziki wa huku hupikwa kwenye kompyuta, na mara nyingi kompyuta hiyo ndiyo mtaji wote wa mwenyewe. Akiinunua vibaya, anakaa na kosa hilo miaka.

Kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya hesabu peke yake. Viini vikiwa 16, kazi nyingi zaweza kwenda sambamba, mradi kazi yenyewe igawike. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alieleza kwamba ile sehemu isiyogawika ndiyo inayoweka kikomo. Tuseme robo ya kazi yako lazima ifanyike kwa mfuatano, hatua baada ya hatua. Viini sita vitaongeza kasi mara 2.7 ya kiini kimoja; viini 16 vitaiongeza mara 3.4. Umelipa mara tatu, umepata nyongeza ya robo.

Kutengeneza biti ni kazi ya namna hiyo. Sauti ya mwimbaji husafishwa kelele, kisha hurekebishwa noti, kisha hutiwa mwangwi. Kila hatua husubiri iliyotangulia, na kwa kawaida mlolongo mzima wa sauti hiyo hubebwa na kiini kimoja. Ndiyo maana programu ya muziki ya FL Studio yaweza kukwaruza huku Windows ikionyesha prosesa imetumika asilimia 30 tu: kiini kimoja kimeelemewa, vingine vimekaa bure. Tena kazi hii haingojei. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bafa ya sampuli 128, prosesa ina milisekunde 2.9 tu za kumaliza kila fungu la sampuli hizo 128. Ikichelewa, mwimbaji anasikia mkwaruzo kwenye hedifoni na hisia ya wimbo inakatika. Kinachookoa hapo ni kasi ya kiini kimoja. 7950X hufika gigahazi 5.7, 7600 hufika 5.1, tofauti ya kama asilimia 12. Kwa prodyuza, shilingi 70,000 ni ghali mno kwa asilimia 12.

Hesabu hubadilika kwa mtu wa picha za 3D. Programu ya Blender huikata picha vipande vidogo, kila kiini kikachukua chake, na viini vyote 16 vikala mzigo. Kazi ya saa moja kwenye 7600 inaweza kwisha kwa dakika 23 hivi kwenye 7950X. Mwenye foleni ya wateja anaotaka matangazo yao leo ataziona hizo dakika kwenye mfuko wake. Hata hivyo, ajaribu kwanza kazi ile ile kwenye kadi ya grafiki, kwa kuwa Blender hukubali zote mbili, na kadi nzuri mara nyingi humaliza mapema zaidi. Anayehariri video za harusi na ruracio (sherehe ya mahari) aangalie jambo jingine: prosesa nyingi za Intel zina Quick Sync, kipande kinachofungua video za H.264 bila kuchosha viini. Zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina kipande hicho. Zinauzwa rahisi kidogo, na mhariri ndiye anayelipa tofauti hiyo kwa kungoja.

Wengi huogopa tokeni za stima. 7950X huruhusiwa kuvuta hadi wati 230, na 7600 hadi wati 88. Lakini wati 230 kwa dakika 23 ni uniti 0.088, na wati 88 kwa saa nzima ni uniti 0.088. Kazi ikiwa ile ile, mita inahesabu karibu sawa. Gharama ya wati ipo kwenye UPS, ile betri ya akiba. Ile ya VA 650 iliyozoeleka hubeba kwa kawaida wati 360 hadi 400. Prosesa ya wati 230 na kadi ya grafiki ya wati 170 zimeshaimaliza kabla ya skrini na spika; stima ikipotea katikati ya kazi, mashine inazima papo hapo. Pia kuna joto: AMD imeiruhusu 7950X ifike nyuzi 95, na haiji na feni kwenye boksi lake, ilhali 7600 huja nayo. Kwenye chumba cha mabati mwezi Januari, feni kubwa ni lazima, nayo ni pesa. Ukishaimiliki, washa hali ya Eco ya wati 105; kasi inayopotea ni ndogo.

Wacheza gemu sina mengi ya kuwaambia. Kwa kadi ya grafiki ya kati, kadi ndiyo inayozuia, si prosesa. Na mwenye kadi kubwa atafaidika zaidi na Ryzen 7 7800X3D ya viini vinane, ambayo katika gemu nyingi huishinda 7950X kwa sababu ya megabaiti 96 za kumbukumbu ya ndani.

Onyo moja kwa wanaonunua vitu vilivyotumika. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14, zikiwemo Core i9-13900K na 14900K, zilikuwa zikipewa volteji kupita kiasi na kuharibika polepole. Rekebisho la kwanza lilitoka Agosti mwaka huo, na dhamana ikaongezwa miaka miwili, lakini iliyokwisha kuharibika haiponi. Usiichukue moja mtaani kabla ya kuiona ikibeba mzigo mzito angalau nusu saa bila kuganda.

Ushauri wangu kwa studio nyingi za Eastlands: nunua 7600, na zile 70,000 ziweke kwenye RAM ya gigabaiti 32, SSD ya terabaiti moja na UPS inayotosha mzigo wako. AMD imeahidi kuendeleza soketi ya AM5, inayobeba prosesa hizi zote mbili, hadi 2027 na zaidi. Siku kazi za wateja zitakapohitaji viini 16, bodi yako itavipokea, na huenda bei itakuwa imeshuka.