Letisi ya mama kwenye meza ya hoteli kubwa

Desemba mwaka jana mimi na ndugu zangu wawili tulichanga fedha tukamlipia mama chumba katika hoteli moja kubwa jijini Arusha, usiku wa mkesha wa Krismasi na usiku wa Krismasi yenyewe. Mama analima mboga chini ya Mlima Meru, si mbali na Tengeru, na alikuwa hajawahi kulala hotelini. Tukasema safari hii asipike wala asioshe vyombo.

Ugomvi ulianzia mapokezi. Aprili nililala hoteli hiyohiyo wakati wa semina kwa Sh180,000. Desemba chumba kilekile kilikuwa Sh310,000 kwa usiku mmoja, fedha yote inalipwa kabla, na ukiahirisha hairudi. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini: "Wameongeza kitanda?"

Hawakuongeza kitu. Mwisho wa Desemba Arusha hujaa watu wanaotoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu kwao, pamoja na watalii wanaopitia mjini kwenda Ngorongoro na Serengeti. Nikamweleza kwamba chumba ni kama mchicha: kisipouzwa leo, cha leo kimeshaoza, kesho unauza kingine. Akanijibu kwamba mchicha ukimlalia yeye hushusha bei, mbona hawa wanapandisha? Ni swali zuri. Wenzetu nao hushusha, ila Aprili na Mei, mvua za masika zinapofukuza watalii. Tofauti ni kwamba wanajua tangu mapema tarehe ya watu kujaa, nao huuza kabla ya siku kufika.

Asubuhi ya Krismasi mama alisimama mbele ya meza ya chakula kwa muda mrefu bila kuchukua kitu. Kulikuwa na nyanya, parachichi, karoti na letisi imepangwa kama maua. Akageuza jani moja, kisha akamwita kijana wa mezani. "Shikamoo mama," kijana akasema. "Marahaba mwanangu. Hii mnanunua kwa nani?"

Kijana hakujua, lakini alikwenda kumwita mtu wa jikoni, naye akatupeleka kwa ofisa ununuzi, aliyekuwa kazini licha ya sikukuu. Mboga zinaletwa na mfanyabiashara wa mjini anayezinunua Tengeru siku za gulio. Hoteli inamlipa Sh2,500 kwa kilo ya letisi. Wiki ileile mama alikuwa ameuza kilo kwa Sh900.

Mama alinyamaza. Namfahamu, akinyamaza hivyo anapiga hesabu.

Ofisa alitueleza masharti bila kuficha. Mzigo ufike kabla ya saa 1 asubuhi, umeoshwa na kupangwa kwenye makreti, vichwa vilingane ukubwa. Vilivyotobolewa na wadudu vinarudishwa palepale. Muuzaji awe na TIN na akaunti ya benki. Malipo ni siku 45 baada ya kupeleka ankara. Yaani mzigo wa mkesha wa Krismasi unalipwa Februari 7, wakati ada ya mjukuu shule ya bweni inatakiwa Januari. Hoteli inachukua fedha ya mgeni kabla hajalala, na ya mkulima inakaa nayo mwezi mmoja na nusu. Kwa maneno mengine, mkulima anaikopesha hoteli bila riba. Sikupenda, lakini ndivyo biashara hii inavyokwenda kwa wanunuzi wengi wakubwa.

Chumbani tulichukua karatasi. Mama anaweza kutoa kilo 120 kwa wiki. Gulioni anapata Sh108,000, akitoa gharama Sh25,000 anabaki na Sh83,000 mkononi siku hiyohiyo. Hotelini, tukikadiria kilo 24 zikataliwe, anauza kilo 96 kwa Sh240,000. Gari, vibarua wa kuosha na makreti ni Sh60,000, anabaki na Sh180,000. Faida ni zaidi ya mara mbili.

Lakini akipeleka kila wiki, atapeleka mizigo saba kabla ya kulipwa wa kwanza. Mara saba Sh60,000 ni Sh420,000 za kutoa mfukoni, hapo hajala wala hajalipa ada. Wengi huanguka hapa. Letisi yao haina kasoro, ila mtaji unakatika wiki ya nne, wanakosa kupeleka mara mbili, na hoteli inatafuta mwingine.

Mama akatazama kitanda, akaniuliza siku mbili zile tumelipa jumla kiasi gani. Nikamwambia Sh620,000. "Mngenipa hiyo shambani," akasema, akajifunika shuka.

Alianza Januari kwa nusu tu ya shamba. Nusu nyingine aliendelea kuuza gulioni ili apate fedha ya vibarua, na kikundi chake cha kuweka na kukopa kikamwongezea mtaji. Malipo ya kwanza yalifika siku ya 52, si ya 45. Alikwenda mwenyewe kuuliza, mara mbili. Aprili hoteli ikapunguza oda hadi kilo 40 kwa wiki, jambo ambalo tayari alilitegemea, hivyo alikuwa amepanda maharage sehemu ya shamba.

Kwa Krismasi anahesabu akirudi nyuma. Letisi hukaa kitaluni kama wiki nne, na shambani wiki saba au nane, kwa hiyo mbegu inasiwa mwisho wa Septemba. Nyanya lazima zianze mapema zaidi, mwishoni mwa Agosti, na zilindwe dhidi ya bakajani mvua za vuli zikianza.

Juzi nilimuuliza kama angependa kulala tena hotelini. Akasema atakwenda, lakini Aprili.