Kanzidata ya bandari: Meli ni moja, ziara zake ni nyingi

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Mbeya au Songea anaponunua mfuko wa mbolea, katika bei anayolipa huweza kuwemo pia siku ambazo meli iliyoleta mbolea hiyo ilikaa Dar es Salaam ikisubiri gati. Mwenye meli hasubiri bure. Mkataba wa kukodi meli huweka muda wa kupakua, na muda huo ukipita, aliyeikodi hudaiwa tozo ya ucheleweshaji kwa kila siku inayozidi.

Tuchukulie mfano wa meli yenye tani 30,000 za mbolea ya kichele, na tozo ya dola 15,000 kwa siku. Ikizidisha siku sita, mwagizaji anadaiwa dola 90,000. Hiyo ni dola tatu kwa tani, au senti 15 za dola kwa kila mfuko wa kilo 50. Mwagizaji akiweza, deni hilo atalishusha hadi dukani.

Siku hizo huhesabiwa kutokana na kumbukumbu za saa. Kumbukumbu zikiwa mbovu, mwagizaji hana cha kubishia. Ndiyo maana mpangilio wa kanzidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta, si jambo la kuwaachia mafundi peke yao.

Jina halitoshi

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alipendekeza taarifa zihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Kanuni yake ya msingi ni kwamba kila mstari wa jedwali uwe na kitambulisho kisichofanana na kingine. Kwa meli, wengi hukimbilia jina, lakini jina halifai. Exxon Valdez, iliyomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, ilibadilishwa jina mara kadhaa, na ilipopelekwa kuvunjwa India mwaka 2012 iliitwa Oriental Nicety.

Kisichobadilika ni namba ya IMO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini. Ina tarakimu saba, ni ya lazima kwa meli kubwa za biashara tangu mwaka 1996, na hubaki na meli hata ikiuzwa au kubadili bendera. Ya Exxon Valdez ilikuwa 8414520.

Namba hii pia inajikagua. Zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya saba. Hapa jumla ni 120, na tarakimu ya saba ni 0. Kwa hesabu hiyo ndogo, kompyuta inaweza kumzuia karani aliyekosea tarakimu moja hapo hapo.

Ziara ndiyo shina

Kosa jingine ni kuweka tarehe ya kufika, gati na shehena ndani ya jedwali la meli. Meli ikirudi mara ya pili, taarifa za mara ya kwanza zinafutika. Linahitajika jedwali la ziara. Kila meli inapokuja ipewe namba mpya ya ziara, na namba hiyo ndiyo iunganishe wakala, shehena, gati na ankara.

Chini ya ziara liwepo jedwali la matukio: meli imetia nanga nje, nahodha ametoa taarifa kuwa yuko tayari, rubani wa bandari amepanda, kamba ya kwanza imefungwa, upakuaji umeanza, mvua imesimamisha kazi, kazi imeendelea, meli imeondoka. Kila tukio liwe na mstari wake, saa yake na jina la aliyeandika. Meli ikibadili saa inayotarajiwa kufika, makadirio ya zamani yasifutwe bali mapya yaongezwe chini yake.

Mvua isipuuzwe. Mbolea hailoweshwi, na mikataba mingi haihesabu saa ambazo mvua imezuia kazi. Saa tatu za mvua zisizoandikwa zinaweza kuwa saa tatu anazolipia mwagizaji.

Gati nayo hubadilika

Gati si namba tu. Meli ndefu huweza kulala kwenye gati mbili kwa wakati mmoja, hivyo ni vema kuandika inaanzia mita ipi hadi ipi. Programu ikatae meli mbili kupewa mita zile zile kwa saa zile zile.

Kina nacho kiwe na tarehe. Dar es Salaam, gati namba 1 hadi 7 zilichimbwa kufikia mita 14.5 katika mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2017. Anayefuta kina cha zamani na kuandika kipya hataweza kueleza kwa nini meli fulani ya mwaka 2015 haikuruhusiwa kuingia gati ile ile.

Saa 2 ya nani?

Kwa karani wetu, saa 2 asubuhi ni 08:00. Kwa nahodha mgeni, saa 2 ni 02:00. Tofauti ni saa sita, ambazo katika mfano wetu ni dola 3,750. Tena, saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano ni 02:00 ya Jumatano. Karani akiandika Jumanne, siku nzima imepotea. Dawa ni kompyuta kukubali mfumo wa saa 24 na tarehe kamili tu.

Pa kuanzia

Tangu Januari 1, 2024, mkataba wa FAL wa IMO unazitaka nchi wanachama kutumia dirisha moja la kielektroniki kupokea taarifa za meli. Hata hivyo, wakala au mwagizaji mdogo anaweza kuanza na majedwali manne: meli, ziara, matukio na gati. Kabla ya kumlipa fundi, chukua kumbukumbu za meli tatu zilizopita, uzipange kwenye karatasi kwa mtindo huo, kisha uulize: kila moja ilisubiri gati saa ngapi, mvua ilikula saa ngapi, na nani aliandika? Kama majibu hayapatikani bila kumpigia mtu simu, mpangilio bado haujakamilika.