Ufunguo Umetoka, Injini Haizimi

Muhula uliopita mimi na mshkaji wangu wa chumbani tuliandaa pikipiki yake ya cc 125 kwa mbio za vumbini. Ufunguo hauna kazi kule, na pikipiki za motokrosi kwa kawaida hazina kabisa. Tukaung'oa, tukafunga swichi ndogo kwenye hendeli.

Siku ya mazoezi jamaa akaanguka konani. Waya wa swichi ukang'oka, akseleta ikakwama, injini ikaendelea kunguruma imelala chini. Nilichomoa kofia ya plagi kwa mkono, nikapigwa shoti hadi begani.

Tulidhani waya ukikatika injini itazima yenyewe. Hiyo ni kweli kwa pikipiki ambayo moto wa plagi unatoka kwenye betri: ukikata waya, umekata moto. Yetu ni ya magneto. Inajitengenezea moto, na swichi inaizima kwa kuunganisha waya wa CDI na bodi. Waya ukikatika, haizimi ng'o!

Kwa hiyo kabla hujakata chochote, chomoa soketi ya ufunguo, chukua mita, pima nyaya za upande wa swichi mbili mbili. Jozi inayogusana ufunguo ukiwa umezimwa ndiyo ya kuzimia. Inayogusana ukiwashwa ni ya betri.

Sasa tumefunga swichi ya kamba: anaifunga mkononi, akianguka kamba inachomoka na injini inazima. Waya tumeuacha ulegee kidogo, usivutwe hendeli inapokata. Loki ya ufunguo ndiyo hatuna tena, kwa hiyo pikipiki inalala chumbani, na mimi navuta harufu ya petroli.