Fahamu: Mapenzi ya 'bibi' na 'mtumwa' yana masharti yake

Desemba 1869, mwandishi wa Austria Leopold von Sacher-Masoch alitia saini mkataba wa kuwa mtumwa wa mpenzi wake, Fanny Pistor, kwa miezi 6. Akajiita Gregor, jina la watumishi. Wakaenda Italia kwa treni: bibi daraja la kwanza, yeye la tatu.

Hadi leo wapenzi wa aina hii huitana kwa vyeo: "bwana" au "bibi" kwa anayeamuru, "mtumwa" kwa anayetii. Lakini mamlaka hayo hutolewa kwa hiari, na anayetii anaweza kuyafuta kwa neno moja walilokubaliana.

Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani hauyaiti mapenzi haya maradhi yasipoleta dhiki wala madhara.

Pasipo ridhaa, huo ni ukatili. Toa taarifa polisi.